Sura ya 7: Ncha Mbili za Kamba

Mbwa anayenusa makontena katika bandari ya Mombasa hajui tembo ni mnyama gani. Wengi wa mbwa hawa wamezaliwa Ulaya, wakanunuliwa wakiwa vijana, na wanaweza kufanya kazi mpaka wakastaafu bila kumwona tembo hai hata mmoja. Anachokijua ni harufu fulani. Anajua pia kwamba akiipata harufu hiyo na kutulia mbele yake, mtu aliyeshika kamba atatoa mpira mfukoni na watacheza. Kazi yote ya kuzuia pembe za ndovu zisipande meli imejengwa juu ya hamu ya mnyama ya kuchezea mpira.

Sura hii inamhusu zaidi huyo mwenye mpira. Tumezoea kusimuliwa habari za mbwa: pua yake, mbio zake, picha yake gazetini akiwa amekaa kando ya lundo la pembe. Mtu wa upande wa pili wa kamba huonekana mkono tu, au hukatwa kabisa kwenye picha. Mimi nashikilia kwamba mbwa huiva mapema na mtu huchelewa, na kwamba kikosi cha mbwa kikishindwa, mara nyingi kimeshindwa upande wa mtu.

Turudi nyuma kidogo, maana mbwa hawa hawakuletwa kwa mapambo. Sensa ya mwaka 2009 ilikadiria kuwa Tanzania ina tembo 109,051. Ile ya mwaka 2014 ikakuta 43,330. Katika miaka mitano nchi ilipoteza tembo sita katika kila kumi, na hata ukiwatoa waliokufa kwa uzee, maradhi na ukame, hesabu hiyo haifungi bila bunduki. Selous na Ruaha ndizo zilizoumia zaidi. Pembe hizo hazikuliwa porini. Zilisafirishwa kwa gari, zikahifadhiwa mijini, zikapakiwa kwenye makontena. Novemba 2013 nyumba moja ya Mikocheni, Dar es Salaam, ilikutwa na pembe 706 zikiwa pamoja na vitunguu saumu na makombe ya baharini. Bandarini Mombasa, shehena nyingine zilijificha ndani ya majani ya chai. Askari wa forodha mwenye macho mawili na tochi hawezi kupekua kila gunia la kila kontena, na wasafirishaji walilijua hilo kuliko yeye.

Mwaka 2014 shirika la African Wildlife Foundation lilianzisha mpango wa kufundisha mbwa na askari pamoja, na kituo chake kikawekwa Usa River, nje kidogo ya Arusha. Aliyeuongoza, Will Powell, alikuwa na uzoefu wa mbwa wa kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini. Mbwa walichaguliwa Ulaya, wengi wao wakiwa wa jamii ya Malinois, yaani wachungaji wa Ubelgiji wenye mwili mwepesi na damu ya moto. Askari walitoka katika mashirika ya serikali ya Kenya na Tanzania kwanza, kisha Uganda, halafu nchi nyingine za Afrika. Tangu hapo vikosi vya namna hii vimefanya kazi katika bandari na viwanja vya ndege vya Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam na Entebbe.

Somo la kunusa huanza na vyombo vilivyopangwa mstari, makopo au masanduku yanayofanana kwa kila kitu. Kimoja kina kipande cha pembe. Vingine ni vitupu, au vimewekwa kahawa, sabuni, dagaa, vipande vya plastiki. Mbwa anapitishwa taratibu. Akifika kwenye pembe, pua yake inasita kidogo tu, na papo hapo mpira unatua mbele yake kama vile umetoka ndani ya harufu yenyewe. Mwalimu akichelewa sekunde mbili, somo limeharibika, kwa sababu mbwa atakuwa ameshageuza kichwa na atadhani amelipwa kwa kugeuza kichwa. Baada ya marudio mengi anaanza kuganda mwenyewe. Habweki, hakwaruzi, hang'ati. Anakaa au anasimama wima, macho yameelekea pale harufu inapotoka, anangoja malipo yake.

Makosa ya binadamu huingilia hapa, kimyakimya. Mwalimu akilishika kopo lenye pembe kwa mkono mtupu na mengine akayashika kwa glavu, mbwa atajifunza harufu ya mkono. Kama vipande vyote vya mazoezi vimetoka ghala moja, vimekaa miaka kwenye vumbi la ghala hilo na dawa yake ya wadudu, mbwa atajifunza ghala. Atafaulu kila siku kambini. Siku atakayokutana na pembe iliyotoka porini juzi, ingali na damu kwenye shina, atapita. Kwa hiyo vipande vinatakiwa viwe vya wanyama tofauti na vya umri tofauti, vikavu na vibichi, na vyombo vibadilishwe na kuoshwa kila mara. Ni kazi ya kuchosha, haina picha nzuri ya gazetini, na ndiyo inayotenganisha mbwa wa kweli na mbwa wa maonyesho.

Kosa la pili ni gumu zaidi, na kila anayetoa fedha kwa vikosi hivi angepaswa kulifahamu. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis walichapisha jaribio walilowafanyia askari 18 na mbwa wao wa dawa za kulevya na milipuko. Waliwaingiza katika jengo la kanisa na kuwaambia kwamba huenda kuna harufu imefichwa, na mahali pengine palibandikwa karatasi nyekundu kama alama. Ukweli ni kwamba jengo zima halikuwa na dawa wala mlipuko wowote. Katika misako 144 iliyofanyika, ni 21 tu iliyoisha bila askari kutangaza kwamba mbwa wake amepata kitu. Jumla ulitangazwa ugunduzi mara 225, wote wa uongo, na karatasi nyekundu ziliuvuta kuliko mahali pengine. Mbwa hawasomi karatasi. Waliozisoma ni watu.

Jinsi inavyotokea si uchawi. Askari akiamini kwamba kontena la tatu ndilo lenye mzigo, hatua zake zinapungua anapolikaribia. Kamba inalegea, pumzi inabanwa, bega linageuka. Mbwa aliyelala naye, akala kwa mkono wake na kumtazama usoni kwa miezi, anayaona hayo yote, na anajua kwamba mpira hutoka kwa mtu huyu. Anakaa chini ili kumfurahisha. Dawa yake ni jaribio la upofu: askari hajui pembe imefichwa wapi, wala hajui kama ipo, na hata anayemtazama hajui. Mara nyingine msako mzima unakuwa hauna kitu, na askari anatakiwa awe na ujasiri wa kusema, "Hakuna." Kusema hivyo mbele ya wakubwa waliokuja kutazama ni mtihani mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Bandarini, kila kontena linalofunguliwa bure linamgharimu mtu: mfanyabiashara anakaa akilipia ucheleweshaji, wapagazi wanapakua na kupakia upya. Yakitokea hayo mara chache mfululizo, maofisa wa forodha wanaacha kumwamini mbwa, na akishaachwa kuaminiwa amegeuka mzigo wa chakula tu.

Ndiyo sababu njia nyingine zinatafutwa za kumpunguzia mbwa kazi na kumtenga na ushawishi wa mtu. Mombasa ilijaribiwa mbinu ya kufyonza hewa ya ndani ya kontena kupitia kichujio, kisha mbwa akaletewa vichujio avinuse mahali patulivu, mbali na jua na kelele za kreni. Morogoro, shirika la APOPO, linalojulikana kwa panya buku wanaonusa mabomu na kifua kikuu, limewafundisha panya hao kutambua magamba ya kakakuona, pembe za ndovu, pembe za faru na mti wa mpingo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba waliikumbuka harufu hata baada ya kukaa miezi 8 bila kukutana nayo. Panya hao huvishwa fulana nyekundu yenye kitufe kifuani. Akipata harufu anakivuta na king'ora kidogo kinalia. Anapanda kati ya mizigo iliyobanana ambamo mbwa hawezi kuingia. Naupenda mpango huu kwa sababu umezaliwa hapa, kwa mnyama wa hapa, na waliofanya kazi ya kila siku ni wafundishaji wa Kitanzania.

Sasa yule askari. Kabla ya kufika kwa mbwa, ameshapita mikononi mwa wengine. Mtanzania huenda alipitia chuo cha Pasiansi, Mwanza, au kama ni askari wa wanyamapori wa kijiji, Likuyu Sekamaganga kule Namtumbo. Mkenya alipita Manyani, kando ya Tsavo. Huko alifundishwa gwaride, silaha, ramani, kulala porini, kutii amri na kutoa amri kwa sauti nzito. Halafu anafika kwenye mabanda ya mbwa na kuambiwa amsifu mnyama kwa sauti nyembamba ya furaha, arukeruke, abingirike naye majanini wenzake wakitazama. Wapo wanaoona haya, na mbwa anaijua haya hiyo mara moja. Sifa iliyotolewa kwa midomo iliyokaza haimnunui.

Wapo pia wanaoogopa. Katika vijiji vingi mbwa ni mlinzi wa usiku na mchana hufukuzwa kwa mawe. Mtoto hukua akijua mbwa ama huuma ama huumizwa. Pwani kuna jambo la dini, nalo lazima lizungumzwe kwa heshima. Waislamu wengi wa mwambao hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo mate ya mbwa kwao ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Dini hiyohiyo inaruhusu mbwa aliyefundishwa kwa ajili ya kuwinda, na Kurani imewataja wanyama wawindaji waliofundishwa. Askari Mwislamu anaweza kuifanya kazi hii akitengewa sare ya kazi, maji, mahali pa kujitoharisha na muda wa kusali. Mkuu asiyempa hayo, kisha akalalamika kwamba watu wa pwani hawafai kwa mbwa, amejitengenezea tatizo mwenyewe. Kwa wote, wenye hofu na wasio nayo, siku za mwanzo hazina msako wowote. Ni kulisha, kupiga burashi, kuosha banda, kutembea pamoja. Mbwa anaachwa amzoee mtu, na mtu anaachwa aone kwamba meno yale hayamtaki yeye.

Mbwa wengine hufundishwa kufuata nyayo za majangili, na kazi hiyo ina kanuni zake. Hapa harufu inayotafutwa ni ya mtu mmoja: chembe za ngozi zinazodondoka kutoka mwilini kila anapotembea, zikachanganyika na majani yaliyopondwa na udongo uliofukuliwa na kiatu. Asubuhi yenye umande harufu hiyo hukaa vizuri. Jua la saa sita huiunguza, upepo huisogeza pembeni mwa njia, na mifugo ikipita juu yake huivuruga.

Fikiria mzoga wa tembo umekutwa alfajiri. Askari wa kwanza kufika ana hamu ya kusogea, kuhesabu risasi, kupiga picha. Akifanya hivyo ameshakanyaga ushahidi na kuuchanganya na harufu yake. Anayejua kazi hubaki mbali, huwazuia wenzake, na hutafuta kitu kimoja kilichoachwa: kipande cha sigara, kamba ya kandambili, chupa ya maji. Kitu hicho hakiguswi kwa mkono. Hufunikwa kwa pamba safi inayochukua harufu, na pamba huwekwa kwenye mfuko. Mbwa akifika, huvalishwa mkanda wa kifuani, ule ambao huvalishwa kwa kazi hii tu, na kuuvaa kwenyewe humwambia kwamba kazi imeanza. Ananusa pamba, anazunguka, kisha kamba ndefu inakaza.

Kuanzia hapo askari wa mbwa haangalii mbele. Anaangalia mgongo, mkia na masikio. Mkia ukiinuka na kukakamaa, harufu ni kali. Kichwa kikinyanyuka na kuyumba, njia imepotea, na inabidi warudi pale walipokuwa na uhakika na kuanza mzunguko. Ni kwa sababu hiyo askari wengine wenye silaha hutembea kulia na kushoto wakitazama vichaka: wawili walio kwenye kamba hawana macho ya kujilinda. Virunga, mashariki mwa Kongo, ambako mbwa wa kufuata nyayo wenye masikio marefu na ngozi iliyolegea usoni walipelekwa mwaka 2011, askari zaidi ya 200 wa hifadhi wameuawa katika historia yake. Huko kutembea ukiwa umeinamisha kichwa nyuma ya mbwa ni kuweka maisha yako mikononi mwa mwenzako.

Katika Pembetatu ya Mara, nchini Kenya, mbwa wa kufuata nyayo wamekuwapo tangu mwaka 2009, na Kilimanjaro Magharibi wameletwa na shirika la Honeyguide. Faida moja ya vikosi hivi mara nyingi haiandikwi kwenye ripoti za ujangili. Ng'ombe akiibwa, duka likivunjwa, mtoto akipotea, wanakijiji huja kuwaomba askari wa mbwa, nao huenda. Mama aliyerudishiwa mwanawe kwa pua ya mbwa wa hifadhi hana sababu ya kumficha jangili nyumbani kwake. Hapo habari huanza kutoka kijijini zenyewe, na habari hizo hukamata majangili wengi kuliko kamba yoyote.

Afya ya mbwa nayo ni kazi ya mtu. Mbwa wa Ulaya hana kinga ya nagana inayoletwa na mbung'o. Huanza kwa homa, hukonda, macho huingia ukungu, naye hufa asipotibiwa mapema. Kupe huleta homa zao. Joto la mwili likipita nyuzi 41, ubongo uko hatarini, na Malinois mwenye hamu ya mpira hatasimama mwenyewe, atakimbia mpaka aanguke. Ni askari anayepaswa kusema basi. Kila jioni hupekua masikio, kwapa na katikati ya vidole akitafuta kupe na miiba, na huijua hali ya kawaida ya mbwa wake kiasi cha kugundua siku alipoacha kijiko kimoja cha chakula.

Mbwa anaweza pia kuwa hatari kwa wanyama anaowalinda. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi uitwao distempa uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, takriban simba 1,000, na chimbuko lake lilihusishwa na mbwa wa vijiji jirani. Mbwa wa kazi asiye na chanjo kamili hapaswi kukanyaga hifadhi. Ningependa kuona kila kikosi cha mbwa kikienda na chanjo kwa mbwa wa vijiji vinavyokizunguka, kwa sababu kumlinda tembo huku ukimuua simba kwa maradhi si uhifadhi.

Baada ya mbwa kukaa chini na mpira kutupwa, kesi ndiyo kwanza inaanza. Mwaka 2016 mahakama ya Mombasa ilimfunga mfanyabiashara mmoja miaka 20 kwa shehena ya pembe za zaidi ya tani 2. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikamwachia huru baada ya kuona mapengo katika ushahidi. Kesi za namna hii zinaweza kufia kwenye mambo madogo: hati ya ukamataji ambayo shahidi huru hakuisaini, pembe zisizowekwa alama, kielelezo kilichopita mikono mitatu na kuandikwa miwili. Askari wa mbwa anatakiwa aweze kusimama kizimbani na kueleza mbwa wake alifundishwaje, alijaribiwa lini mara ya mwisho, alikosea mara ngapi. Daftari la mazoezi, lenye kushindwa kwake kote, ni sehemu ya silaha zake. Nimetaja kushindwa kwa makusudi. Daftari lisilo na kosa hata moja, wakili mwenye akili atalichana mbele ya hakimu.

Sitaki msomaji aamini kwamba mbwa ndio waliosimamisha mauaji ya tembo ya miaka ile. China ilifunga soko lake halali la pembe mwishoni mwa mwaka 2017. Wapelelezi wa Tanzania waliwafuata wakubwa wa biashara mpaka mmoja wao, Yang Fenglan, akahukumiwa miaka 15 jela Februari 2019. Wayne Lotter wa shirika la PAMS, aliyewasaidia wapelelezi hao kwa hali na mali, alipigwa risasi Dar es Salaam Agosti 2017. Mbwa ni kiungo kimoja katika kazi hiyo ndefu, na kiungo hicho kina nguvu pale tu mtu wake anapotunzwa.

Hapo ndipo ninapoona uzembe wetu. Wafadhili hununua mbwa, gari na mabanda ya zege, kwa sababu hivyo hupigwa picha na kuzinduliwa. Posho ya askari, mafuta ya gari, mshahara wa daktari wa mifugo na chakula cha mwaka wa tatu huachwa vijitafutie. Halafu inakuja barua ya uhamisho. Askari aliyekaa na mbwa wake miaka, anayeijua kila mtikisiko wa mkia wake, anapelekwa lango la hifadhi nyingine kukata tiketi, kwa sababu kwenye jedwali la utumishi yeye ni askari kama wengine. Mbwa hukabidhiwa mtu mpya, na mafunzo ya wawili hao huanza karibu upya, wakati mizigo bandarini inaendelea kupita.

Wakuu wa hifadhi na maofisa utumishi mtakaosoma sura hii, ombi langu kwenu ni moja. Waandikeni askari na mbwa wake kama kituo kimoja cha kazi katika bajeti na katika orodha ya watumishi, na kabla hamjasaini barua ya uhamisho, ulizeni mbwa anabaki na nani.